Simu Iliyobaki na Misiba

Hapo zamani, jamani, na si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, simu zilipokwisha kuhamia mifukoni na waya bado unaning'inia juu ya nguzo, palikuwa na mwanamke Tabora, mtaa wa nyuma ya stesheni ya reli. Jina lake Bi Nyamizi. Alikuwa mjane, alikuwa na magoti mabovu, na alikuwa na simu ya mezani.

Simu yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, ya kuzungusha kwa kidole, imekaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma. Aliwekewa marehemu mumewe, Mzee Msabila, aliyekuwa bwana stesheni, ili treni ikikwama porini aitwe. Treni ilimwita mara chache. Waliopiga hasa ni ndugu wa majirani, maana simu ilikuwa hiyo moja mtaa mzima, na kila mtu aliwagawia jamaa zake wa mbali namba ile ile kana kwamba kailipia yeye.

Basi ikawa hivi. Mtoto akizaliwa Kigoma, simu inalia kwa Bi Nyamizi. Bi Nyamizi anavaa kandambili, anavuka uwanja, anabisha hodi: "Njooni mpokee simu, mmepata mjukuu!" Kijana akipata kazi Dodoma, simu inalia kwa Bi Nyamizi. Bi Nyamizi anavaa kandambili, anavuka uwanja, anabisha hodi: "Njooni mpokee simu, mwanenu kapata ajira!" Na mtu akifa, simu inalia kwa Bi Nyamizi. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Watu wa mtaa ule walikuwa na desturi yao. Kwao msiba haupokelewi kwenye simu. Aliyefiwa haambiwi akiwa amesimama, na haambiwi akiwa peke yake. Mpigaji alimwambia Bi Nyamizi, na Bi Nyamizi alipeleka. Alijitanda kanga, akatembea polepole, akabisha hodi. Na mlango wowote ule, maneno yalikuwa yale yale: "Weka chini ulichoshika. Kaa. Nani mwingine yupo? Mwite aje." Akifika huyo wa pili, ndipo anasema. Akishasema, anakaa naye mpaka wenziwe wafike.

Alifanya hivyo miaka thelathini.

Kisha zikaja simu za mkononi. Harusi zikahamia mkononi. Wajukuu wakahamia mkononi. Salamu za Idi na za Krismasi zikahamia mkononi. Msiba ukabaki mezani. Watu waliogopa mtu asije akaambiwa yuko juu ya baiskeli, au yuko juu ya paa anapiga misumari, kwa hiyo waliwaambia ndugu zao: mambo mengine yote nipigie mimi, la kufa mpigie Bi Nyamizi.

Ikawa simu ile ikilia, kuna mtu kafa. Haikuwa na habari nyingine tena.

Na Bi Nyamizi, jamani, alikuwa mtani wa watu! Alikuwa hawezi kupita barazani bila kumchokoza mtu. Sasa akitoka kwenda kununua chumvi, michi ya kutwangia inasimama hewani, wanawake wanatazama anakata kona ipi. Akitania, wanacheka nusu, nusu nyingine wanamsikiliza kama ana jambo. Iliuma sana, tusidanganyane.

Asubuhi moja alikwenda kwa jirani yake Kalunde, mama wa watu, miaka kama arobaini na mitano. Alibisha hodi. Kalunde akafungua, akamwona, akaanguka pale pale kizingitini. Bi Nyamizi hajafumbua mdomo.

"Kalunde! Kalunde mwanangu! Nimekuja kuazima chekeche tu!"

Walimpepea, akazinduka. Bi Nyamizi alirudi nyumbani bila chekeche. Hakukaa. Alivaa viatu vya safari, akaenda moja kwa moja mpaka ofisi ya simu, akasimama kaunta.

"Njooni mchukue simu yenu."

"Ina tatizo gani, mama?"

"Haina tatizo. Inafanya kazi vizuri mno. Njooni muikate."

Wakampangia Jumanne, saa tatu asubuhi.

Mtaa ule siri haikai hata nusu saa. Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Mihayo, mshona kanzu, rafiki wa marehemu Msabila. Alikaa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Shemeji, nimesikia neno baya."

"Umesikia neno la kweli, shemeji."

"Siku kaka yangu alipofariki, nilikuwa nimeshika pasi imejaa makaa. Ukaniambia weka chini. Nikaweka chini. Ningepigiwa kwenye hiki kisimu," akapiga mfuko wa shati, "ningejimwagia moto mwilini. Na sasa daktari kaniambia moyo wangu hautaki mshtuko. Mwanangu yuko machimboni Geita, kila siku anashuka chini ya ardhi. Likinifika la kunifika, nataka linifike kwa miguu yako."

"Miguu yangu imechoka."

"Nitakupakia kwenye baiskeli!"

"Ili habari mbaya ikufikie mbio zaidi?"

Wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka Mzee Mihayo akakohoa. Kisha Bi Nyamizi akafuta macho, akasema, "Jumanne inakatwa, shemeji."

Wa pili kuja alikuwa Kalunde. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kuitazama meza.

"Mama, usimsikilize mtu. Kata. Umekuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza mama yangu. Mara ya pili mume wangu. Mara ya tatu Shija, mtoto wangu wa kwanza. Ulinikalisha vizuri, ulinishika vizuri, sisemi hukunishika. Lakini nakupenda na siwezi kukutazama. Kata hiyo simu ili nipate kukuamkia kama zamani."

"Nakata, mwanangu. Na nikwambie lingine, ambalo sijamwambia mtu." Bi Nyamizi akaonyesha sakafu mbele ya meza. "Msabila alipofariki hospitali kule Dar es Salaam, ililia, nikapokea. Nikashika na kalamu niandike jina la mwenye msiba, nikidhani ni wa Mihayo au wa kule pembeni. Nikatajiwa jina la mume wangu. Nilisimama hapo na mkonga wa simu mkononi sijui muda gani. Mimi hakuna aliyeniambia niweke chini nilichoshika."

Kalunde akasema kwamba Jumanne atakuja, anataka aone kwa macho yake waya unakatwa.

Jumanne ikafika. Saa tatu ikafika. Mtu wa simu hakufika. Saa nne, hakufika. Saa tano, Bi Nyamizi akabeba ndoo yake ya mahindi.

"Naenda mashineni kusaga, nitakula nini mimi? Kaa hapa, Kalunde. Akija mwambie akate, asiningoje."

"Na simu ikilia?"

"Ikilia iache ilie. Leo mimi si wake."

Akaenda. Mashine ilikuwa na foleni, akatua ndoo, akasimama, akaona moyo wake mwepesi. Akamchokoza mwenye mashine kwamba unga wote unaishia kwenye nyusi zake, na watu wakacheka, tena wakacheka kweli. Mtani amerudi! Zamu yake ikafika, akaiinua ndoo.

Ndipo akamwona Kalunde anakuja. Kalunde amejitanda kanga, anatembea polepole, na nyuma yake anafuata Mzee Mihayo, kofia mkononi.

Bi Nyamizi aliujua mwendo ule. Akageuka nyuma kutazama foleni. Masikini, ni wa nani huu? Ni wa huyu mama mwenye mtoto mgongoni? Ni wa yule kijana wa gunia? Alikuwa bado anawatazama watu kwa huruma Kalunde aliposimama mbele yake.

"Mama. Weka chini ulichoshika."

Ndoo ilikuwa nzito kuliko alivyoibeba toka nyumbani. Akaiweka chini.

"Kaa."

Akakaa juu ya gunia la mtu.

"Mzee Mihayo yupo hapa. Tupo wawili." Kalunde akapiga magoti, akamshika mikono. "Mpwa wako kapiga kutoka Urambo. Kaka yako Kasubi ametutoka alfajiri."

Bi Nyamizi alilia. Alimlilia kaka yake, akamlilia na Msabila, ambaye siku yake hakumlilia akiwa ameshikwa. Mzee Mihayo akamkinga mgongo, Kalunde akamkinga kifua, na mashine ikazimwa. Mtu wa simu alipofika saa tisa alikuta watu wameshajaa uwanjani, akapandisha ngazi yake juu ya gari, akaondoka.

Walizika Urambo. Matanga yakaanuliwa. Usiniulize Bi Nyamizi alikula nini siku hizo, kwa maana mtaa mzima ulimpikia. Siku waliyorudi, Kalunde akakaa karibu naye, akasema lililokuwa linamkaba.

"Mama, uliniambia niiache ilie. Niliiacha mara ya kwanza. Niliiacha mara ya pili. Mara ya tatu nikadhani ni ya mwanangu aliyeko Mwanza, nikaipokea. Kusikia kwamba ni ya kaka yako, nilishusha pumzi. Nilifurahi, mama! Mungu anisamehe."

"Na mimi nilikuwa nashusha pumzi," akasema Bi Nyamizi. "Kila ikilia na si yangu, nashusha pumzi, kisha najitanda kanga naja kukushika mkono. Hata ya Shija. Hicho ndicho kinachonila, si magoti."

Kalunde akamshika mkono, wala hakuuachia.

Siku ya pili yake mtu wa simu akarudi, na safari hii aliwahi. Akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, akaukamata waya kwa koleo. Akatazama chini.

"Mama, nakata?"

"Kata," akasema Bi Nyamizi.

"Usikate!" akasema Kalunde. "Uvute uuingize kwangu. Nguzo ni hiyo hiyo."

Bi Nyamizi akageuka kama aliyemwagiwa maji. "Wewe? Wewe uliyeanguka kwa ajili ya chekeche?"

"Mimi. Kila nilipoletewa nilianguka. Siku ile nilipobeba sikuanguka. Nilitoka hapa mpaka mashineni kwa miguu yangu, nikasema yote, nikakushika. Tangu Shija afariki sijapata kusimama wima namna ile. Na nikwambie, mama, nisingepokea, mpwa wako angekupigia kwenye hiyo simu yako ya mkononi. Ungeambiwa pale kwenye foleni, ndoo kichwani. Mwanamke mwingine wa mtaa huu asisimame peke yake kama ulivyosimama wewe. Nipe mimi."

"Sikupi. Uliponiambia weka chini, nilikutazama usoni. Kumbe huo ndio uso niliowapelekea watu miaka thelathini! Sikuwahi kuuona. Nataka uwe wa mwisho. Leo unajisikia una nguvu, mwanangu, lakini mwaka wa kumi watoto wa mtaa watakimbia wakikuona, na mwanao akija likizo watu watamwogopa na yeye. Mlishika mikono yangu, nimeshukuru, na kushikwa kule ni kutamu kuliko nilivyodhani. Ndiyo maana nimezidi kuamua. Simu ni yangu, na mzigo wangu siurithishi. Kata!"

"Hebu ngojeni kwanza!" Ni Mzee Mihayo, mkono uko kifuani. "Nyinyi wawili mnagombania nani abebe na nani asibebe. Mimi ni wa kubebewa. Mwanangu yuko chini ya ardhi sasa hivi tunavyozungumza. Mbona wa kubebewa haulizwi? Ibaki hapa hapa, mezani pake. Shemeji apumzike chumbani, apokee Kalunde, apokee yeyote, lakini namba isife."

"Ikibaki sebuleni kwangu nitaisikia ikilia," akasema Bi Nyamizi. "Hapo nimepumzika nini?"

"Basi iende kwa Kalunde!"

"Kalunde simpi!"

"Sikuombi tena, mama," akasema Kalunde. "Naichukua."

Bi Nyamizi alisimama chini ya ngazi, hatingishiki. Kalunde alisimama upande wa pili wa ngazi, hatingishiki. Mzee Mihayo alishika mguu wa ngazi. Na yule mtu wa simu, juu, jua linamchoma shingo, akapaza sauti: "Jamani, mimi nahitaji neno moja tu! Mwenye neno ni nani?"

Haya, wasikilizaji. Yuko Bi Nyamizi, mwenye simu, aliyebeba miaka thelathini na anataka kubeba kuishie kwake. Yuko Kalunde, aliyeletewa mara tatu, akabeba mara moja, na mara hiyo moja ikamsimamisha. Yuko Mzee Mihayo, ambaye hajabeba kitu, ila bado anaingoja hodi nyingine mlangoni pake. Msiombe muda wa kufikiri, koleo limeshauma waya. Je, kati yao, ni nani aliyestahili kusema neno, na ninyi mngekuwa juu ya ngazi ile mngemsikiliza nani?