Chozi Asiyeshuka Uluguru

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe unayesinzia pale, kanawe uso kwanza. Zamani hizo chozi alikuwa ndege wa kila mahali. Mdomo wake ulikuwa umenyooka kama sindano, na aliruka apendavyo, bara hadi pwani.

Huku juu kwetu Uluguru ulibaki mti mmoja tu wa aina yake, ukiifunika chemchemi kwa kivuli. Ulichanua maua mekundu, marefu, yaliyopinda, lakini hakuna aliyepeleka unga wa ua hili kwenye lile, maana nyuki waliikataa baridi. Maua yalianguka bila mbegu, na mti ulikuwa unazeeka. Binti Mkude, bibi aliyekabidhiwa chemchemi na ukoo wake, alijua kwamba mti ukifa bila mche, jua litayakausha maji na watu wote wa bondeni watakwisha kwa kiu.

Mwaka mmoja tambarare ikakauka. Wakapanda huku juu chozi wawili, mume na mke, wamechoka hoi. Bibi akawakaribisha, wakawa wanalamba utamu uliodondoka kwenye maua. Siku ya tatu akawaambia, "Wanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Mume akacheka. "Bibi, jembe nitalishika na nini?"

"Lako unalo hapo usoni. Nipelekee unga wa ua hili kwenye lile."

Haikuwa kazi ya mchezo. Ua limepinda, mdomo umenyooka! Walisukuma, wakasukuma, siku baada ya siku, mpaka midomo yenyewe ikapinda kulifuata ua. Unga wa manjano ukawaganda tumboni, usitoke hata kwa mvua. Asubuhi moja Binti Mkude akaona tunda la kwanza, dogo kama punje ya mtama. Alipiga magoti akalia, mzee wa watu.

Mvua iliporudi tambarare, mume akataka kwenda kwao. Bibi hakuwazuia, ingawa moyo ulimuuma. Mgeni hafungwi kamba. Walipofika ukingoni mwa msitu, mke akatua.

"Mbona umetua?"

"Mume wangu, kesho yale maua ya juu yatafunguka. Nani atayafikia?"

Mume akaitazama tambarare aliyozaliwa, kijani mpaka macho yanapokomea. Kisha akageuka, akatangulia yeye kurudi juu.

Na tangu siku hiyo chozi huyo ana mdomo uliopinda na tumbo la manjano, na hapatikani popote duniani ila kwenye milima hii yetu. Ukimweka kiganjani, hujui kama umeshika kitu. Lakini maji ya huku, chini ya miti aliyoizalisha, ndiyo yanayouzaa mto Ruvu, na Ruvu unakwenda hadi Dar es Salaam, kwa watu wasio na idadi ambao hawajamwona hata mara moja. Wanafungua bomba, wanakunywa. Nikiliwaza hilo, wajukuu zangu, mwili wote hunisisimka.