Mhasi Aliyeikimbia Sindano

Chawa hafi kwa kubonyezwa na kidole kimoja. Atateleza, ajifiche kwenye mshono wa nguo, na kesho atakuuma palepale. Anayetaka kumuua humbana kati ya kucha mbili. Ndiyo maana ya methali isemayo kidole kimoja hakivunji chawa, na Jilala wa Bariadi aliijua kwa mdomo miaka mingi kabla ya kuijua kwa mwili wake.

Miaka hiyo ya soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba walijaa Bariadi kila mmoja na mizani yake. Watu walilima kwa pupa, na kila plau ilihitaji maksai. Kazi ya kuhasi madume ilikuwa ya Jilala. Akishabana koleo lake, humpiga ng'ombe kofi mgongoni na kusema, "Haya, majike kwaheri!" Watu huangua kicheko, naye huwashinda wote kwa kucheka.

Alipofikisha miaka sitini na mmoja, mkojo ulianza kumtesa na kiuno kikamuuma usiku na mchana. Hospitalini Mwanza, Daktari Felisita alimweleza bila kumzungusha: ilikuwa saratani ya tezi dume, nayo ilikwisha kufika kwenye mifupa. Angetibiwa kwa dawa mbili pamoja. Dripu ya kemotherapia angewekewa hapo Mwanza kila wiki tatu, na sindano ya homoni angechomwa kila miezi mitatu kwenye zahanati moja ya Bariadi, kwa barua aliyopewa.

"Hiyo sindano inafanya nini, mayu?" Jilala aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Inazima homoni za kiume, baba. Nguvu za chumbani zitapungua, huenda zikaisha."

Moyo ulimlipuka. Yeye, mhasi, ahasiwe! Alipofika nyumbani aliisokomeza barua chini ya godoro. Dripu aliifuata kwa uaminifu, na kila alipoulizwa kuhusu sindano alijibu, "Nimechomwa."

Mkewe, Milembe, aliambiwa ni kiuno tu. Jilala alihamia kibanda cha kando ya zizi, asije akaulizwa maswali. Nywele zilipopukutika alivaa kofia hata wakati wa kula. Milembe alileta ugali, akauweka mlangoni, akaondoka. Jilala alisikiliza nyayo zake zikififia, akatamani kumwita. Hakuna upweke unaouma kama wa mtu aliye hatua thelathini tu kutoka kwa mkewe.

Kabla ya dripu ya tano, kipimo cha damu kilionyesha kuwa ugonjwa unapanda. Daktari alivua miwani.

"Baba, niambie ukweli. Sindano umechomwa?"

Machozi yalimlengalenga. "Mimi nahasi ng'ombe, mayu. Najua dume akishahasiwa anakuwa nani."

Daktari hakucheka. "Homoni hizo ndizo chakula cha ugonjwa wako. Dripu inaupiga, wewe unaulisha. Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

Jilala alirudi akiwa na jambo moja kifuani: akifa sasa, aibu ndiyo itakayokuwa imemuua. Asubuhi Milembe alipoleta uji, Jilala alimshika mkono akamweleza yote. Milembe alikaa chini kwa kishindo.

"Baba Sayi! Miezi mitatu nalala peke yangu nikijua una mwanamke Mwanza. Kumbe unakufa hapa zizini?"

"Nikichomwa sitakufaa tena."

"Watoto saba nimekuzalia. Ulitaka wa nane tumwite nani?" Alitaka kucheka, akalia. "Barua iko wapi?"

Siku hiyohiyo walikwenda zahanati. Muuguzi alipokuwa akimchoma, Milembe alimshikia kofia. Dripu zilizobaki walizifuata Mwanza wote wawili, na tarehe za sindano akazitunza Milembe.

Sisemi kwamba alipona. Daktari hakumwahidi hilo, na nguvu za chumbani ziliisha kweli. Joto lilimpanda ghafla mwilini, na siku nyingine alilia bila sababu. Lakini kiuno kilitulia, kipimo kikashuka, akaweza tena kutembea mpaka shambani. Kibanda cha zizini aliwaachia ndama, akarudi kulala nyumbani kwake.

Dripu peke yake ilishindwa, na Jilala peke yake alishindwa zaidi, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.