Fisi na Mashine ya Wapishi Kumi na Sita

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walishapata umeme wa jua lakini bado walikuwa wakiogopana, paliishi mama mmoja mdogo wa umbo aliyeitwa Bi Nguchiro. Mwaka msiniulize, wanangu. Mimi nimezunguka nchi nyingi, na karibu kila nilikofika nimenunua kompyuta, na kila muuzaji aliniapia kuwa baada ya hiyo sitahitaji nyingine. Ninazo nne. Kwa hiyo hadithi hii naijua vizuri.

Bi Nguchiro alikuwa na chumba cha kuchapia barua pale sokoni. Mashine yake ilikuwa kuukuu: aliiwasha asubuhi, uji ukachemka, ukapoa, ukanyweka, ndipo ikaamka. Lakini ndiyo iliyowalisha watoto wake wanne, nao walilala nyuma ya chumba hichohicho.

Siku moja Fisi akarudi kutoka mjini na kompyuta mpya, bado imevaa nailoni yake ya dukani. Akaeleza kwamba ndani mna prosesa, ndiyo ubongo wa mashine, na ubongo huo una viini kumi na sita. Swala akauliza kiini ni kitu gani. Fisi akamwambia ni kama mpishi. Mashine ya Bi Nguchiro ina wapishi wawili, tena wazee, na yake ina kumi na sita, vijana watupu.

Wanyama wakaguna. Fisi akaenda moja kwa moja kwa Mzee Tembo, mkuu wa soko, akaomba apewe kile chumba.

Mzee Tembo akaamua washindane. Mvua zilikuwa karibu, na orodha ya koo arobaini zitakazogawiwa mashamba ilikuwa haijachapwa. Kwa desturi ya nchi ile, majina husomwa kwa sauti na mkubwa wa ukoo mkongwe kuliko zote, naye ni Kobe. Kila ukoo hutajwa pamoja na babu zake saba, na wenyewe huitika. Basi Kobe angesoma, wao wangeandika, na atakayetoa orodha kamili kwanza, chumba ni chake.

Watoto wakamuuliza mama yao kama waanze kufunga virago. Akawaambia wakaoge.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa Fisi na bakuli la kunde.

"Hongera kwa mashine, Bwana Fisi. Ila nina swali la kijinga."

"Uliza tu, mama. Ujinga si kosa. Kosa ni ile mashine yako."

"Kuandika majina ni kazi ya mpishi mmoja. Hao kumi na tano watakaa tu wakijikuna matumbo? Watu wataamini vipi kuwa wamo?"

Fisi akaacha kutafuna. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Nitawapa kazi," akasema. "Wapige muziki. Waonyeshe filamu. Wachore picha yangu, kubwa, yenye meno yote."

"Na nailoni utaivua?"

"Nikiivua, nani atajua kuwa ni mpya?"

"Kweli," akasema Bi Nguchiro, akachukua bakuli lake, tupu.

Siku ikafika. Wakaketi chini ya paa la bati, jua likianza kuuma. Kobe akavaa miwani, akakohoa, akanywa maji.

"Ukoo," akasema. Akapumua. "Wa Swala."

Bi Nguchiro akaandika, ka, ka, ka, akangoja. Fisi akaandika, akangoja. Wapishi kumi na sita walimngoja Kobe sawasawa na wale wawili.

Kufika ukoo wa kumi, watazamaji walikuwa wakipiga miayo. Fisi akaona aibu, akawasha muziki, akawasha filamu, akaanzisha picha. Shingo zote zikageuka kwake. Ndani ya nailoni mashine ikaanza kuhema: vuuu, vuuuuu.

Ukoo wa ishirini, Fisi alibonyeza "Nyati", ikatoka "N", ikabaki inafikiri. Ukoo wa thelathini, picha ikakwama na nusu ya meno. Ti. Kioo kikawa cheusi.

Bi Nguchiro hakugeuka kutazama. Mgongo ulimuuma, vidole vilimchoma, naye akaandika. Ukoo wa arobaini ulikuwa wake mwenyewe. Kobe akawataja babu zake saba, mmoja mmoja, naye akaitika huku mikono ikiendelea kuandika. Kisha printa ikaguna, grrr, orodha ikatoka.

Mzee Tembo akauliza kama mashine ya Fisi ni mbovu. Bi Nguchiro angeweza kuitikia kwa kichwa tu, mambo yakaisha.

"Si mbovu, mzee," akasema. "Ivueni nailoni ipoe, itakimbia kuliko yangu. Maneno ya kuwapa wapishi kazi nilimtia mimi. Lakini hata wangetulia, katika kumngoja Kobe hakuna mashine yenye mbio."

Kobe akasema amesikia, na kwamba atajibu baadaye.

Mzee Tembo akacheka mpaka bati likatikisika, akamwachia Bi Nguchiro ufunguo wa chumba. Fisi aliachwa akibandua nailoni kwa meno. Nami simcheki sana, maana rimoti ya nyumbani kwangu bado imevaa yake.

Basi wanangu, mashine hupimwa kwa kazi inayoisubiri, si kwa sifa za aliyeiuza.