Alama ya Mguu Mlangoni kwa Bi Nungu

Paukwa?

Pakawa.

Nibishe hodi?

Bisha, tumo ndani.

Basi sogeeni. Na wewe pale nyuma acha kutafuna mahindi, ngano yangu haipendi kelele za meno.

Hapo zamani, zamani za kale, Nungunungu alihamia katika shimo kuukuu la mhanga, akaligeuza nyumba ya maandiko. Aling'oa miiba yake mwenyewe, akaichovya katika utomvu, akaandika juu ya magome ya miti. Palikuwa na gome la dawa za tumbo, gome la majina ya nyota, gome la matusi ya Ngedere, na gome la kusifu uzuri wa Ngiri, ambalo aliliandikisha Ngiri mwenyewe. Yote yalikaa pamoja, na kila mnyama aliruhusiwa kuazima. Wanyama wakamwita Bi Nungu.

Mlangoni alitandaza udongo mbichi. Ukiazima gome, unakanyaga udongo, unaacha alama ya mguu wako. Ukirudisha, Bi Nungu anapitisha kiganja, udongo unakuwa laini, huku akiimba. Tuimbe naye:

Udongo, udongo, meza mguu,
aliyesoma amesoma,
mlango ni mmoja, mdogo na mkuu.

Ukaja mwaka wa ukame. Jumbe Nyati, mtawala wa bonde lile, akaizungushia chemchemi boma la miiba. Akasema, "Chemchemi hii aliichimba babu yangu. Ni yangu."

Kumbe katika nyumba ya Bi Nungu kulikuwa na gome la zamani la habari za chemchemi ile, alilorithi kwa bibi yake. Digidigi, yule mdogo mwenye miguu kama vijiti, akaliazima. Akalisoma, akawasomea shangazi zake. Shangazi si watu wa kunyamaza, mnawajua. Baada ya siku mbili kila aliyefika bomani alikuwa ananong'ona, "Zamu. Babu yake alisema tunywe kwa zamu."

Jumbe Nyati akapandwa na hasira. Akatangaza kwamba atakayejulikana kuliazima gome lile hatakunywa tena maji ya chemchemi maisha yake yote.

Kwanza akamtuma Bweha. Bweha akasema, "Bi Nungu, Jumbe anataka gome lile liondolewe humu."

Bi Nungu akajibu, "Nyumba hii ni ya wote, mimi nalinda mlango tu. Gome limeazimwa."

Mara ya pili akamtuma Fisi. Fisi hakutazama chini, akasema, "Basi mtaje aliyeliazima."

Bi Nungu akajibu, "Nyumba hii ni ya wote, mimi nalinda mlango tu. Alichosoma mtu ni chake."

Fisi alipoondoka, Digidigi akaja mbio. Kwenye udongo palikuwa na alama moja tu, vikwato vyake viwili vidogo. Bonde zima hakuna mwingine mwenye vikwato vidogo vile, hata vya shangazi zake ni vikubwa zaidi.

"Bi Nungu, nifutie, nakusihi."

"Rudisha gome, mwanangu, nifute sasa hivi."

"Shangazi wa ng'ambo ya mto uliokauka hawajalisikia bado."

Bi Nungu akashusha pumzi. Na yeye aliogopa, msidhani hakuogopa. Akasema, "Basi alama itabaki. Nikivunja utaratibu wangu leo kwa hofu, kesho Jumbe akinitisha nitaandika anachotaka yeye. Nenda kasome."

Mara ya tatu akaja Jumbe Nyati mwenyewe, na Bweha na Fisi nyuma yake.

Bi Nungu akainama. "Karibu, Jumbe. Pita pembeni, hapo katikati pana udongo."

"Mimi nipite pembeni? Mimi?"

Akapita katikati. Kwato nne, uzito wa nyati mzima, pwacha, pwacha. Alipofika ndani akageuka na kusema, "Haya, nionyeshe alama ya mguu wa mwizi wa siri zangu."

Bi Nungu akatazama chini. "Jumbe, umesimama juu yake."

Wakatazama wote. Vikwato vidogo havikuonekana tena. Palibaki nyayo za Nyati tu, kubwa kama masufuria. Je, Bi Nungu alijua kwamba mwenye kiburi hapiti pembeni? Mimi sijui, mimi nasimulia tu.

Kwa aibu, Nyati akampeleka Bi Nungu barazani. Mwamuzi alikuwa Korongo, ambaye husimama kwa mguu mmoja mpaka kesi iishe, kwa hiyo hapendi maneno mengi.

"Unashtaki nani?" akauliza Korongo.

"Nashtaki gome. Lina uongo. Lichomwe moto."

"Sheria ya bonde inasemaje, Bweha?"

Bweha akajikuna sikio. "Inasema hakuna anayehukumiwa kabla ya kusikilizwa."

"Basi mshtakiwa ni gome, na lisikilizwe. Nani analo?"

Bi Nungu akasema, "Mlangoni kwangu pana alama za mmoja tu. Za Jumbe."

Baraza likaangua kicheko. Nyati akafura, akakwaruza ardhi kwa kwato, akamkabili Bi Nungu kwa pembe. Hapo Digidigi akatoka katikati ya shangazi zake, amebeba gome kichwani.

"Ninalo mimi. Hakuna aliyenitaja. Nimejitaja mwenyewe."

Akalisoma mbele ya baraza zima, sauti yake nyembamba ikafika mpaka nyuma: "Mimi, Nyati wa kwanza katika bonde hili, nilichimba nikiwa na kiu, na Mhanga akanisaidia, na Ngiri akanisaidia. Maji haya ni ya zamu. Naweka mguu wangu."

Chini ya maneno yale palikuwa na alama ya kwato. Korongo akasema, "Jumbe, weka wako hapa." Nyati akaweka. Ukaingia sawasawa, mpaka na ule ufa wa pembeni ambao ukoo wao wote unao.

Korongo akashusha mguu wake wa pili. "Boma livunjwe. Gome lirudi nyumbani kwake. Na asiulizwe mtu tena amesoma nini. Ila wewe, Jumbe, alama zako ziko mlangoni. Utaratibu ni ule ule: azima kitu, ukisome, urudishe, ndipo zifutwe."

Digidigi akanywa siku ile ile, kwa zamu yake, nyuma ya Kicheche.

Baada ya siku saba Jumbe Nyati akaja shimoni na gome kinywani. Safari hii alipita pembeni. Bi Nungu akalipokea, akapitisha kiganja juu ya udongo, akaimba wimbo wake. Fisi alikuwa anangoja nje, akauliza, "Bi Nungu, Jumbe alisoma nini?"

Bi Nungu akajibu, "Alichosoma mtu ni chake."

Ngano hii inatufunza kwamba neno likiwa la uongo, lisikilizwe lijulikane uongo wake. Anayetaka kulichoma bila kulisoma, anaogopa ukweli uliomo. Na mlinzi wa mlango akilinda siri ya mdogo, amelinda na ya mkubwa.

Ngano niliiazima kwa bibi yangu, leo nimeirudisha. Nifutieni alama yangu, niende zangu.