Seli Zilizoelea

Kitu kikielea juu ya maji, mtazamaji huona wepesi wake tu. Jasho la aliyekiunda halioni. Ndiyo maana wahenga wakatuachia methali: ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Katika maabara ya hospitali moja ya watoto palikuwa na mtafiti ambaye wote walimwita Shangazi, kwa jinsi alivyojua kukemea na kubembeleza kwa pumzi moja. Alikuwa amevaana na saratani sugu ya watoto. Kila seli ya mwili, alipenda kueleza, huzaliwa na amri ndani yake: ukiharibika, jizime, uwapishe wenzako. Seli za saratani hii zilikuwa zimetia pamba masikioni. Zilimwagiwa dawa kali, zikatulia tuli kama maji ya mtungini. Basi Shangazi hakutafuta sumu kali zaidi. Aliunda dawa ya kuzibua yale masikio, seli ziisikie amri yao na kujimaliza zenyewe. Ilimshinda, akaivunja, akaiunda upya, ikamshinda tena, mpaka akaota mvi.

Siku moja dawa hiyo ilijaribiwa kwenye seli zilizotolewa katika uvimbe wa binti mdogo aliyelazwa wodini. Daktari wake alingoja jibu. Ikifaa, binti angeanzishiwa tiba mpya. Isipofaa, mama yake angeambiwa amrudishe nyumbani.

Msaidizi wa maabara, baba mzima aliyebandikwa jina la Msafi, aliinua macho kutoka kwenye hadubini, uso umemshuka.

"Shangazi, tumegonga mwamba. Hakuna hata moja iliyokufa. Zote hai, zinatucheka!"

Daktari, aliyesimama mlangoni, akashusha pumzi. "Basi nikamwambie mama wa watu."

"Ngoja, baba. Neno likishatoka halirudi." Shangazi akainamia hadubini. Zilizokuwapo zilikuwa hai kweli, ila zimetawanyika kama nywele za mwenye kipara. "Msafi, hiki kisahani kilikuwa kimejaa. Umekifanya nini?"

"Nimekisuuza tu. Maji yalikuwa na ukungu, machafu!"

"Ewe mwanamume! Umemwaga maiti, halafu unasema hakuna msiba?"

Msafi akashika kichwa. Alijua, ila usafi ulimtangulia: seli hai hung'ang'ania sakafu ya kisahani; ikijizima, huachia ikaelea, na maji yakimwagwa huenda nayo.

Kwa bahati vilibaki visahani viwili ambavyo havijaguswa, kimoja chenye dawa na kimoja kisicho nayo. Shangazi akavibeba mwenyewe, kwa mwendo wa bibi harusi. Katika kile kisicho na dawa, seli zilikuwa zimeshikamana chini kama kupe. Katika chenye dawa zilielea tele, zimesinyaa, zimemeguka vipande vipande.

Daktari alitazama, akatazama tena. "Ajabu! Zimejifia zenyewe tu, kirahisi hivi?"

"Kirahisi!" Msafi akaangua kicheko. "Daktari, muulize huyu mama mvi zake alizitoa wapi."

"Mwache," alisema Shangazi, machozi yakimlengalenga. "Nenda, mwanangu. Usimwahidi yule mama kupona. Mwambie asifunge mizigo, kesho tunaanza."

Daktari alitoka mbio mpaka wodini, koti likimpepea. Shangazi akabaki ameinamia hadubini, akizitazama zile seli zikielea. Hakika, ukiona vyaelea, jua vimeundwa.