Msumeno wa Marehemu Asajile

Sogeeni, ila acheni nafasi hapa katikati, maana hadithi hii ina meno. Na wewe unayesinzia pale nyuma, kaa vizuri, swali litakujia wewe wa kwanza.

Huko milima ya Rungwe walikuwepo watu watatu wenye vipaji. Ambakisye alijua kufungua mashine yoyote na kuirudisha bila skrubu hata moja kubaki chini. Tusekile alijua kunoa. Panga likitoka mkononi mwake, mwenyewe alilishika kwa woga. Gwakisa alikuwa na sikio. Aliisikiliza injini akiwa amefumba macho, kisha akakwambia inaumwa wapi.

Aliyewaita ni Sekela, mjane wa Asajile mpasua mbao. Asajile alifia nyuma ya nyumba yake mwenyewe, akikata mkaratusi. Shina liliruka likampiga kifuani, na mti haukufika chini. Ulinasa kwenye matawi ya mti wa jirani, ukabaki umeinama juu ya paa. Tangu siku hiyo, kila upepo ukivuma, Sekela aliusikia ukilia.

Mnauliza kwa nini hakuita mtu aukate? Aliita, akachoka. Wapasua mbao wa kule wana mwiko wao: mti ulioanzwa na msumeno mmoja humalizwa na msumeno huo huo, na anayeumaliza ni mwenye msumeno. Nao msumeno wa Asajile, chensoo kuukuu ya injini, ulikuwa stoo, umekufa kama bwana wake. Ndani ya nyumba alilala mama mkwe, mgonjwa, naye kuhama hataki. "Mwanangu kafia hapa," alisema. "Mnipeleke wapi?"

Mvua zilikuwa zinakaribia. Sekela akautoa msumeno uani, akawaambia wale watatu, "Atakayeufufua, ni wake."

Macho yakawatoka. Mwenye chensoo kule halali njaa.

Ambakisye, mdogo wake marehemu, alianza. Akafungua kabureta, akakuta petroli ya zamani imeganda kama ulimbo. Akaisafisha, akakung'uta chujio lililojaa vumbi la mbao, akatia plagi mpya, akavuta kamba. Msumeno ukakohoa, ukawaka, ukazima.

"Unapumua, shemeji," akasema.

Tusekile akashika tupa. Alinoa jino la kushoto, akanoa la kulia, kwa kipimo kimoja, kwa sababu upande mmoja ukizidi ukali msumeno hupinda ndani ya mti. Kwenye jino moja mkono wake ukasimama. Palikuwa na uzi wa bluu umenasa. Akauvuta taratibu, akauficha kiganjani. Sekela alikuwa ameshauona. Koti la bluu alilofia Asajile alilishona yeye. Akageukia ukuta.

Gwakisa akauwasha tena. Ukanguruma, lakini mnyororo ulizunguka hata pale asipobonyeza kitu.

"Unakimbia wenyewe," akasema. "Msumeno wa namna hii ndio unaoua."

Akafumba macho, akazungusha skrubu ndogo ya kabureta kidogo kidogo, mbele na nyuma, hadi ngurumo ikashuka na mnyororo ukasimama tuli. Alipobonyeza, ukapiga kelele moja iliyonyooka. Alipoachia, mnyororo ukatulia, injini ikabaki ikinguruma chini chini.

"Hapo sawa," akasema. "Ila ni mzee. Siwezi kuapa kwamba utakaa hivi."

Basi, ugomvi ukaanza.

"Bila mimi usingewaka," akasema Ambakisye.

"Ungewaka ukakwaruza gome tu," akajibu Tusekile.

"Na ungewakata miguu nyote wawili," akasema Gwakisa.

Upepo ukapita. Juu ya paa mti ukalia, kipande cha gome kikadondoka juu ya bati. Kutoka ndani mama mkwe akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, mwenye msumeno amepatikana?"

Wote watatu wakainua macho, wakautazama mti ule unaomngoja mwenye msumeno.

"Kusema kweli," Ambakisye akaanza, "mimi nilipangusa uchafu tu. Kazi kaifanya Tusekile."

"Mimi? Kunoa hata mtoto ananoa. Aliyeufufua ni Gwakisa."

"Jamani, mimi nimegeuza skrubu tu. Wewe Ambakisye ndiye ndugu wa marehemu."

Sekela aliwatazama mmoja mmoja. Hasira ilimpanda, kisha ikamwacha, na hofu ikabaki peke yake. Maishani mwake hakuwahi kukata kitu kinene kuliko kuni za jikoni. Akafunga kanga kiunoni, akainama, akauinua msumeno ukiwa bado unanguruma. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akaondoka nao kuelekea nyuma ya nyumba.

Watatu wale walimfuata kwa mbali. Hakuna aliyenyoosha mkono kumpokea.

Meno yakagusa mti, na mimi naishia hapo hapo. Sasa semeni. Akirudi salama, msumeno ni wa nani: aliyeufungua, aliyeunoa, aliyeurekebisha sauti, au yeye aliyeubeba? Naona wengi mnataka kuugawa sawa kwa wale watatu. Haya, nimekubali. Lakini kama harudi, lawama nayo mtaigawa hivyo hivyo? Wewe uliyekuwa unasinzia, tuanze na wewe: ungeamuaje?