Sanduku la Vitunguu

Mkunga hukumbukwa siku ya uchungu. Siku nyingine zote watu humpita njiani bila kumtazama mara mbili, na wapo wanaoucheka mwendo wake na mkoba wake mkuukuu, kana kwamba wao na binti zao hawatamhitaji tena maishani. Waliotuachia methali ya wakunga na uzazi waliwajua vizuri watu wa namna hiyo. Mwanamke wa hadithi hii hakuwa mja mzito. Alikuwa mwalimu wa Kihispania. Hata hivyo uchungu ulimshika, na mlango aliolazimika kuubisha ulikuwa ule ule aliowahi kuucheka.

Tangu utotoni aliitwa Kasuku, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye hakuweza kumwiga. Angemsikia mpishi wa shule akikohoa mara moja tu, na jioni bweni zima lingeficha mikate likidhani mpishi ameingia. Kipaji hicho kilimfaa. Kihispania alichofundishwa shuleni kilimkaa ulimini hadi akaajiriwa mapokezi katika hoteli kubwa, na miaka michache baadaye shule yake ya zamani ilipokosa mwalimu wa lugha hiyo, ikamwita yeye. Alipewa darasa lile lile alilosomea. Dawati la nyuma bado lilikuwa na jina lake la utani, lililochorwa kwa ncha ya bikari, na dirisha la tatu bado lilikataa kufungwa. Siku ya kwanza alisimama mbele ya dirisha hilo muda mrefu, harufu ya chaki ikimrudisha nyuma, mpaka wanafunzi wakaanza kukohoa.

Alifundisha kwa raha mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa sita. Kisha ikaja amri kwamba kila mwalimu wa lugha ya kigeni awe na cheti cha ualimu wa lugha hiyo. Mtihani ulikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni kuandika, ya pili ni kuzungumza, na ya tatu ni kufundisha somo la nusu saa mbele ya watahini watatu, kwa watoto ambao hawajawahi kusikia neno la Kihispania, bila kutumia lugha nyingine yoyote.

Mbili za kwanza Kasuku alizipita kama anayevuka uwanja wa nyumbani kwao. Ya tatu ikamkwamisha. Alimsogelea msichana wa dawati la mbele, akalitamka neno, akasubiri. Msichana akajaribu, akakosea. Kasuku akamwinamia, akamrekebisha, akamkazia macho ya kumtia moyo. Kadiri alivyotiwa moyo ndivyo msichana alivyozidi kunywea, mpaka machozi yakamlengalenga na darasa zima likawa bubu. Barua ya watahini ilikuwa fupi. "Anakijua Kihispania vizuri sana. Hajui kukifundisha." Alipewa nafasi moja tu ya kurudia, baada ya wiki kumi. Akishindwa tena, darasa litakabidhiwa mtu mwingine, dirisha la tatu na vyote vilivyomo.

Barua ile ilimuuma kwa sababu ilisema kweli.

"Basi tafuta mwalimu wa kukufundisha kufundisha," alisema wifi yake, fundi cherehani aliyekaa naye nyumba moja, mdomo umejaa pini. "Hata mimi sikuzaliwa najua kukata kola."

Kasuku akatafuta. Wa kwanza alikuwa kijana wa kwenye simu, aliyemtumia mitihani ya miaka kumi iliyopita na kumhakikishia kwamba swali la tatu halibadiliki kamwe. Kumbe maswali ya kuandika ndiyo yasiyomsumbua. Wa pili alikuwa mwanamama mwenye cheti, aliyemkaririsha somo zima pamoja na tabasamu zake. "Hapa tabasamu," alikuwa akisema. "Hapa usitabasamu. Hapa tabasamu kidogo." Kasuku alirudi nyumbani akamwigiza mwanamama huyo, wifi yake akacheka hadi akajichoma sindano. Kicheko kilipokwisha, wiki nne nazo zilikuwa zimekwisha.

Ndipo mwalimu mkuu alipomwita ofisini. "Anayeweza kukutoa hapo ulipo ni mtu mmoja," alisema, "na unamjua."

"Nani?"

"Bwana Sanduku."

Kasuku akatazama sakafu. Mwalimu mkuu, ambaye miaka kumi na minne nyuma alikuwa mwalimu kijana wa hesabu, naye akajifanya anatafuta kalamu. Wote wawili walikuwepo ukumbini siku ile.

Bwana Sanduku aliingia darasani kila mara na sanduku la mbao kwapani. Hakuwa na kitabu. Alitoa kijiko, akakishika, akakitaja kwa Kihispania mara moja: cuchara. Kisha akakiweka mkononi mwa mwanafunzi wa kwanza. Kila mmoja alikishika, akakitaja, akampa mwenzake. Na muda wote kijiko kilipokuwa safarini, mwalimu alilipa darasa mgongo. Alisimama akitazama dirisha la tatu, mikono nyuma, kisigino kimoja kikipanda na kushuka kwa kila neno lililosemwa. Kikitoka kijiko, ikaja kufuli. Ikitoka kufuli, kikaja kitana. Kwa miaka minne Kasuku hakukumbuka kuchoka hata siku moja. Hakujua kwamba hilo lilikuwa jambo la ajabu. Watoto hudhani kila darasa liko hivyo.

Siku ya kumuaga Bwana Sanduku alipostaafu, wanafunzi walitayarisha maonyesho, na Kasuku akapewa nafasi ya mwisho. Akapanda jukwaani na boksi la viatu kwapani, akatoa mwiko, akautaja, kisha akaugeukia ukuta. Akainua kisigino. Akaubembeleza ukuta, akaupongeza ukuta, akausahihisha ukuta. Wazazi walishika mbavu, walimu walijifuta machozi. Bwana Sanduku mwenyewe alicheka, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Chai haikumkuta. Kasuku alimwona akitoka kwa mlango wa pembeni na sanduku lake, na kitu kikamgusa moyoni, lakini makofi yalikuwa matamu na alikuwa na umri wa miaka kumi na minane.

"Siwezi kwenda," alimwambia wifi yake. "Kwa uso gani? Nitamwambia nini?"

"Mwambie shikamoo, halafu unyamaze. Mengine yatakuja yenyewe. Mdomo wako ndio uliokuponza, upumzishe kidogo."

Kasuku alipita mbele ya lango lile mara mbili kama mtu aliyepotea njia. Mara ya tatu akapiga moyo konde, akabisha. Mzee alikuwa uani akigongomea mguu wa kiti. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kasuku." Hakuhitaji hata kuinua kichwa. "Kaa, ila si kwenye hiki. Hiki bado kinaniringia."

Alikaa. Akajaribu kufuata ushauri wa wifi, akashindwa. Akaeleza mtihani, barua, kijana wa simu na mwanamama wa tabasamu, na mwisho akasema lile lililomleta hasa. "Mwalimu, siku ile ya kukuaga nilikukosea. Nisamehe."

Mzee akaweka nyundo chini. "Mimi nimeacha kufundisha, mwanangu."

"Hata mtu mmoja?"

"Nilikusudia kuendelea. Nilitaka kufungua darasa dogo hapa hapa uani. Lakini nilirudi nyumbani siku ile, nikampa mama yako sanduku, nikamwambia afanyie analotaka."

"Likawa la vitunguu," akadakia mkewe kutoka jikoni. "Na ni sanduku zuri. Haviozi."

"Sikukasirika," aliendelea mzee taratibu. "Wewe mmoja ungenicheka, nisingejali. Ukumbi mzima ndio ulionishinda, na walimu wenzangu wamo. Nilidhani miaka yote ile watoto walikuwa wanajifunza. Siku ile nikadhani kumbe walikuwa wananicheka tu."

Kasuku akalia, tena bila kuficha uso. Aliyaona yale madarasa yote ambayo hayakufunguliwa uani pale, watoto wote ambao hawakushika kijiko, na yeye mwenyewe juu ya jukwaa akiusahihisha ukuta. Mke wa mzee akamletea maji, akampapasa bega, akarudi jikoni.

Mzee akamwacha alie hadi amalize. Kisha akasema, "Hata nikitaka kukusaidia, nusu ya mambo nimeyasahau. Sikuwahi kuandika chochote. Wewe una daftari lako la zamani?"

"Hukutuandikisha, mwalimu."

"Ni kweli." Akakuna kidevu, akamtazama. "Basi simama. Niigize."

"Mwalimu, tafadhali."

"Niigize. Safari hii mimi ndiye ninayekuomba."

Kasuku akasimama. Akaokota msumari mmoja, akaliweka sanduku lisilokuwepo kwapani, na mwili ukamkumbusha yaliyobaki. Akautaja msumari mara moja. Akaukabidhi kwa mwanafunzi wa hewani, akageuka, akaweka mikono nyuma, akainua kisigino. Mke wa mzee akatokea mlangoni na sufuria mkononi. "Wewe huyo," alimwambia mumewe. "Wewe mtupu."

Hakuna aliyecheka.

"Kumbe nilikuwa nainua kisigino?" aliuliza mzee.

"Kila neno, mwalimu."

"Na mgongo niliwapa mpaka lini?"

"Mpaka kitu kimfikie wa mwisho."

"Kwa nini?"

Kasuku akageuka kumtazama. Alilijua tendo hilo kwa mifupa, lakini sababu yake hakuwahi kuitafuta. "Tulidhani unawaza mambo yako."

"Neno geni lina haya," alisema mzee. "Ukimkodolea macho mtu anayelijaribu kwa mara ya kwanza, linarudi tumboni. Basi mimi niliwaachia masikio, macho nikayaondoa. Nilimsikia kila mmoja. Kijiko kikifika kwako nilijua, maana ulikitaja kwa sauti yangu."

Kasuku akamkumbuka yule msichana wa dawati la mbele, alivyomwinamia na kumkazia macho. Barua ya watahini ilikuwa na maneno machache, lakini sasa ndipo alipoielewa yote.

Jumamosi sita zilizobaki alizimalizia pale uani. Aliigiza, mzee akakumbuka. Mzee alikumbuka, yeye akarekebisha. Vitu vya sanduku vilikuwa vimetawanyika nyumbani mle vikifanya kazi nyingine. Kijiko kilikuwa kwenye kopo la chumvi, kufuli langoni, kitana chooni. Walivikusanya kimoja kimoja, na kila kimoja mzee alikipima mkononi kidogo kabla ya kukitia sandukuni. Vitunguu vikahamia kwenye beseni. "Vitunguu vyangu vimefukuzwa kwao," mkewe alilalamika kila Jumamosi, na kila Jumamosi aliweka kikombe cha tatu bila kuombwa.

Siku ya mtihani Kasuku aliingia na sanduku kwapani, bado linanuka vitunguu. Darasa lilikuwa la shule nyingine, lakini lilikuwa na madirisha. Aliwasalimu watoto kwa Kihispania, akatoa kijiko, akakitaja mara moja, akamkabidhi wa kwanza, kisha akawapa mgongo wote, watahini wakiwemo. Alisikia kalamu zao zikisita. Halafu sauti ya kwanza ikatoka, nyembamba, ikakosea. Kasuku hakugeuka. Ya pili ikakosea kidogo. Ya tatu ikapata, na kuanzia hapo neno likawa linapita mkono hadi mkono pamoja na kijiko.

Lilipokaribia nyuma, vicheko vidogo vikaanza. Kasuku akainua macho, na katika kioo cha dirisha akaliona darasa lote. Msichana mmoja wa dawati la mwisho alikuwa amesimama, mikono nyuma, anainua kisigino na kukishusha. Alikuwa amempatia sana.

Kasuku hakukasirika; naye alimwiga mwalimu wake vivyo hivyo, kwenye dawati la nyuma. Dirisha la tatu nalo lilikuwa na kioo. Basi kwa miaka minne Bwana Sanduku alikuwa akimwona, kila siku, kisigino kwa kisigino, na hakugeuka hata mara moja. Akabaki vile vile, akitazama nje bila kuona kitu, mpaka kijiko kikamfikia yule msichana, naye akalitaja neno kwa sauti ya mwalimu wake.

Cheti kilipofika alikipeleka uani kabla ya kukipeleka shuleni. Mzee alikisoma akiwa amesimama, akampa mkewe, mkewe akafuta mikono kwanza ndipo akakipokea.

"Ulikuwa unaniona," Kasuku alisema alipokwisha kumsimulia habari za yule msichana. "Kwenye kioo."

"Kioo kizuri sana kile," alisema mzee. "Na huyo msichana wako, neno alilitamkaje?"

"Vizuri kuliko wote."

"Ndivyo wanavyokuwa." Akaketi kwenye kile kiti alichokigongomea, ambacho sasa kilitulia. "Usimkaripie. Siku moja atakuhitaji, asije akaona aibu ya kubisha."

Kasuku akainama. Alilisukuma sanduku hadi miguuni pa mzee, kwa kuwa Jumatatu watoto saba wa mtaani walikuwa wanakuja kuanza Kihispania pale uani, na yeye ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kuwaita. Wazazi walipomwuliza mzee huyo ni nani hasa, aliwajibu kwamba ndiye aliyemzalisha mara mbili, na kwamba yeye amejifunza kwa machozi yake mwenyewe: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.